Rangi Isiyoahidiwa

Nesi Staha wa zahanati ya Mtoni Kijichi
aliniambia neno moja: hazionekani.
Tarakimu nyeusi juu ya bluu iliyokoza,
gurudumu la tarehe ndani ya simu,
na akina mama wakilisogeza kwa kidole gumba
kama wanaopapasa sarafu chini ya kitanda.
"Zifanye nyeupe," akasema. "Si rangi tu?"

Rangi tu.
Nikasoma nyaraka za wenye mtambo mpaka macho yakawasha,
feni ya Sinza ikikata joto vipande bila kulipunguza.
Waliruhusu lugha. Waliruhusu siku ya mwanzo na ya mwisho.
Rangi ya maandishi: kimya.
Hawakukataa. Hawakutaja.

Mama Eligiva, mwenye nyumba wangu, yeye hutaja.
Siku ya kunikabidhi funguo alinyoosha kidole:
mlango huu wako, dirisha hili lako, fungua, funga.
Ukuta ni wangu,
na kilichomo ukutani tunakijua mimi na fundi.
Nikaitikia.
Mwezi wa pili nikapigilia msumari wa kioo.

Basi na gurudumu nikaligonga.
Nikalimenya kama kitunguu, mtoto, mjukuu, kitukuu,
visanduku visivyo na jina vilivyobebana gizani,
hadi nikakuta neno ambalo halikuandikwa kwa ajili yangu.
Nikalinong'ona.
Tarakimu zikawa nyeupe zote kwa mpigo
kama meno ya mtu aliyetekenywa.

Nilicheka peke yangu saa tisa usiku.
Utamu wa kuingia jikoni mwa watu kwa mlango wa uani
na kujua chumvi inakaa wapi!

Masika mawili yakapita. Nesi aliniletea korosho za kwao Newala.
Nikamfundisha Chediel, kijana wa mafunzo, neno lile;
akalibandika kwenye programu ya vikoba,
akalibandika kwenye ratiba za maji,
akiamini ni sheria.

Kisha toleo jipya likashuka usiku, bila hodi.
Wenyewe walikuwa wamekarabati nyumba yao,
sebule wameipaka chokaa.
Neno langu likaitika vilevile, kwa utii:
nyeupe
juu ya nyeupe.
Hakuna kilichovunjika. Hakuna kengele iliyolia.
Gurudumu lilizunguka tupu,
na akina mama wakachagua siku
kwa kubahatisha.

Sikudhani Mtulia, mimba ya miezi minane,
alitoka Kongowe Jumapili alfajiri
akakuta geti na kufuli.
Akakaa juu ya tofali mpaka jua likamfukuza.
Yu mzima, na mtoto mzima, nashukuru,
ila shukrani hiyo si utetezi.
"Simu ilikubali," alimwambia Nesi. "Nilibonyeza, ikasema sawa."

Nilitaka kulalamika. Kwa nani?
Ningeandikaje: mmehamisha kitu
ambacho hamkuwahi kuniambia mnacho?
Cha kuazima hakistiri matako, wanasema.
Mimi hata sikuazima. Nilianua kwenye kamba ya jirani
taa zikiwa zimezimwa.

Sasa nimechonga vitufe vyangu mwenyewe,
vinene kama vitumbua, siku moja kitufe kimoja,
Jumapili hakuna.
Nesi Staha aliviangalia muda mrefu.
"Vibaya," akasema. Akavisogeza. "Lakini vinasomeka."

Chediel aliuliza kama neno lile tulifute kila mahali.
Futa, nikamwambia.
Nimeliacha sehemu moja tu,
kwenye kidude changu kinachohesabu siku za kodi.
Tarakimu zikipotea humo,
hiyo ni kesi yangu na Mama Eligiva.

Kioo bado kinaning'inia.
Nikiweka sikio karibu na msumari
nasikia maji yakipita.